Roketi ya Chupa Yenye Mkia wa Pete: Ikigoma, Ikipinda, Ikianguka Vibaya

Roketi ninayoieleza hapa haina baruti wala moto. Ni chupa ya soda ya lita 2, maji kiasi, na upepo wa pampu ya baiskeli. Kinachoitofautisha na roketi za maji zilizozoeleka ni mkia wake. Wengi hubandika mapezi matatu au manne ya kadibodi. Yetu ina pete moja tu ya plastiki, iliyokatwa kwenye chupa nyingine na kushikiliwa nyuma na vijiti vinne vya mishikaki. Nilianza kuitengeneza pamoja na mpwa wangu baada ya kuchoka kubandika upya mapezi yaliyong'oka kila roketi ilipogusa ardhi. Pete haing'oki. Ikigonga chini inabonyea, kisha inarudi umbo lake. Lakini ina tabia zake, na asiyezijua atahangaika nayo wiki nzima akidhani tatizo ni nguvu.

Hilo la nguvu nalisema mwanzo kabisa kwa sababu ndilo kosa nililolifanya mimi. Roketi yetu ya tatu ilikuwa ikipanda mita chache, inayumba, inalala ubavu. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, tuongeze upepo." Nikakubali. Tukapampu hadi psi 80 (psi ni kizio cha presha kinachosomwa kwenye geji ya pampu), tukavuta kamba, na ile roketi ikainuka mita mbili, ikageuka, ikapita juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wamekaa kwenye majani na kugonga bati la kibanda cha mama lishe. Hakuna aliyeumia. Usiku ule sikulala vizuri, na tangu siku hiyo tuna sheria moja: presha haiongezwi mpaka roketi iwe imekwenda wima mara tatu mfululizo kwa presha ndogo. Roketi inayopinda kwa psi 40 itapinda kwa psi 80, ila itakuwa na kasi zaidi ya kumdhuru mtu.

Vipimo vya roketi yetu ni hivi, ili ulinganishe na yako. Chupa ina kipenyo cha sentimita 11 hivi. Ikiwa tupu, pamoja na pua, pete na parachuti, ina uzito wa gramu 150 hadi 180. Maji ni mililita 600. Presha ya kawaida ni psi 60, yaani karibu bar 4. Tundu la shingo ya chupa lina kipenyo kisichofika milimita 22. Kwa presha hiyo, msukumo wa mwanzo unakaribia nyutoni 290, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 29, ukisukuma kitu kisichofika kilo moja. Maji yote huisha ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana macho hayatakuambia kilichotokea. Mpe mtu mmoja simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole, asimame pembeni, na kila mruko uangaliwe kabla ya kugusa chochote.

Kabla ya mruko wa kwanza wa chupa yoyote, ijaribu kwa maji matupu. Ijaze maji hadi juu kabisa, iunganishe na pampu, ipandishe hadi presha iliyo juu kidogo ya ile utakayorushia, uiache dakika chache. Maji hayabanwi kama hewa, kwa hiyo chupa mbovu ikishindwa hapo itapasuka na kumwaga maji bila kurusha vipande. Tumia chupa ya soda peke yake, ile yenye kitako cha vidole vitano. Kitako hicho kiliumbwa hivyo ili kibebe presha ya gesi ya soda. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba na haifai, hata kama ina ukubwa uleule.

Unapampu lakini geji haipandi

Hewa inatoka mahali. Usikisie, chukua povu la sabuni ya kufulia, lipake kwenye kila kiungo huku mwenzako akipampu taratibu, mkiishia psi 20 tu. Penye tundu povu litachemka kama jicho la chemchemi.

Likichemka pale shingo ya chupa inapoingia kwenye bomba la kurushia, mpira wa kuzuia hewa umechakaa au umekaa upande. Sisi hutumia oringi, yaani pete ya mpira wa tyubu, iliyokaa kwenye mfereji tuliouchimba kwa tupa kuzunguka bomba. Mfereji ukiwa na kina kirefu mno, oringi inazama na haibani. Ukiwa na kina kifupi, chupa haiingii kabisa. Zungushia tabaka mbili za ule utepe mweupe wa mafundi bomba chini ya oringi, ujaribu tena. Ukilainisha, tumia maji ya sabuni. Mafuta ya kupaka na mafuta ya kupikia hulainisha vizuri siku ya kwanza, kisha mpira wa tyubu huvimba na kuoza.

Likichemka kwenye valvu, angalia ni valvu ya aina gani. Ile ya baiskeli za zamani yenye kijimpira chembamba kama mrija hupoteza hewa kijimpira kikipasuka, nacho hubadilishwa kwa fundi baiskeli yeyote. Sisi tulihamia kwenye valvu ya tyubu ya pikipiki, ambayo kisindano chake cha ndani kinafungwa kwa kukazwa, na shida hiyo ikaisha.

Kama povu halichemki popote lakini geji bado haipandi, ishuku pampu yenyewe. Fungua, toa ile ngozi ya ndani, itie tone la mafuta, itanue kingo zake kwa kidole, irudishe.

Presha imefika, umevuta kamba, roketi imebaki pale pale

Usiisogelee. Chupa yenye bar 4 ikifyatuka ukiwa umeinama juu yake itakupiga usoni kwa uzito wote nilioutaja hapo juu. Kwa sababu hiyo stendi yako lazima iwe na njia ya kutolea hewa ukiwa mbali: sisi tuna koki ndogo ya bomba karibu na pampu, mita 10 kutoka kwenye roketi. Hewa ikiisha, ndipo unakwenda kuangalia.

Stendi yetu inashika kola, yaani ule ukingo unaozunguka shingo ya chupa, kwa vile vifungio vya plastiki vya kubania nyaya, vinane vikizunguka bomba, vichwa vyao vikiwa juu ya kola. Kipande cha bomba pana kinateleza juu yao na kuvibana. Ukikivuta chini kwa kamba, vinafunguka vyote na chupa inaondoka. Ikigoma, mara nyingi kamba inavuta kwa upande, hivyo kile kipande kinakwama badala ya kuteleza. Funga kamba mbili, moja kila upande, zikutane chini kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa ardhini, ndipo ivutwe moja. Kama kipande kimeteleza vizuri na bado chupa haikutoka, oringi imekauka na kung'ang'ania. Maji ya sabuni tena.

Kinyume chake, roketi ikiondoka yenyewe ungali unapampu, vifungio vimechoka. Plastiki yao hujikunja kwa jua na kuzoea mkao wa kufunguka. Badilisha vyote vinane kwa pamoja. Ukibadilisha viwili vilivyokatika, vilivyobaki vitakatika juma lijalo.

Inapanda, lakini kidogo

Hapa uangalie maji kwanza. Rudisha video na utazame mkia wa maji. Roketi iliyojazwa maji kupita kiasi hunyanyuka polepole, kama mtu anayebeba gunia, inamwaga maji njia nzima, na ikianguka unakuta bado ina maji ndani. Hewa iliisha kabla ya maji. Iliyojazwa kidogo mno hutoa mlio mkali, inaruka kwa ghafla kutoka kwenye stendi, kisha inapoteza kasi mapema. Theluthi moja ya ujazo wa chupa ndiyo sehemu ya kuanzia. Kutoka hapo ongeza au punguza mililita 50 kwa kila mruko, bila kubadilisha kitu kingine, na andika. Mpwa wangu ana daftari la hesabu lenye mistari ya miraba, na ndilo limetupa majibu mengi kuliko mimi.

Pima urefu kwa njia hii: simama mita 30 kutoka kwenye stendi ukiwa na protrakta iliyofungwa uzi wenye jiwe dogo. Roketi ikifika kileleni, iangalie kando ya ukingo wa protrakta, mwenzako asome uzi umesogea nyuzi ngapi kutoka kwenye alama ya 90. Ukipata nyuzi 45, roketi imefika mita 30 juu ya jicho lako. Kwa nyuzi nyingine tumia tanjenti, ile ya hesabu za sekondari. Anayesema "imeenda juu sana" hajakusaidia kujua kama mililita 50 zimeongeza chochote.

Kama maji ni sawa na presha ni sawa, tazama uzito. Watu wengi wanadhani roketi nyepesi zaidi ndiyo itakayofika mbali. Chupa tupu ya gramu 60 huondoka kama risasi, lakini maji yakiisha hewa inaisimamisha mara moja, kama vile huwezi kutupa puto mbali. Gramu kadhaa za ziada, zikiwekwa mbele, huibeba juu zaidi baada ya maji kuisha. Hilo linatupeleka kwenye tatizo kubwa kuliko yote.

Inapinda, inayumba, inapinduka kichwa mkia

Roketi yoyote isiyo na usukani ina vitovu viwili. Kimoja ni kitovu cha uzito, pale inapokaa sawa ukiilaza juu ya kidole. Kingine nitakiita kitovu cha upepo, pale ambapo nguvu zote za hewa inayoipiga ubavuni zinakusanyika. Kitovu cha uzito kinapaswa kuwa mbele, karibu na pua. Kitovu cha upepo nyuma. Hapo roketi ikiyumba, hewa inausukuma mkia urudi kwenye mstari, kama mshale. Vikikaribiana, inatangatanga. Vikibadilishana nafasi, inageuka na kwenda kokote. Umbali baina yao usipungue kipenyo kimoja cha roketi, yaani kwa chupa yetu sentimita 11.

Mwaka 1966 mhandisi wa NASA, James Barrowman, alitoa kanuni za kukokotoa kitovu cha upepo cha roketi ndogo, na warushaji wengi wanazitumia hadi leo. Zilihesabiwa kwa mapezi bapa, si kwa pete, kwa hiyo sisi tunatumia kadibodi. Chora roketi yako ilivyo kwa ubavu, na pete yake, ukate umbo hilo, ulisawazishe juu ya ukingo wa rula. Panapolala sawa ndipo uweke alama ya kitovu cha upepo. Njia hii hukionyesha kikiwa mbele kidogo kuliko kilivyo kweli, jambo ambalo ni zuri, kwa kuwa linakulazimisha kuweka akiba.

Kisha fanya jaribio la kamba. Roketi ikiwa haina maji, parachuti ikiwa imekunjwa mahali pake, funga kamba kwenye kitovu cha uzito na uibane kwa solotepu isiteleze. Nenda uwanjani, izungushe juu ya kichwa chako ukiwa umeachia kama mita mbili na nusu za kamba. Roketi nzuri inatangulia pua na kutulia. Mbaya inakwenda ubavu, au mkia mbele, au inajizungushazungusha. Mara ya kwanza tulipoizungusha ile iliyogonga bati, ilitangulia mkia. Nilisimama pale na kamba mkononi nikiielewa aibu yangu: jibu lilikuwepo tangu mwanzo, lingetugharimu dakika mbili kulipata.

Ikishindwa jaribio, ongeza uzito puani kabla ya kitu kingine. Gramu 50 hadi 80 za plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto, zinatosha kwa chupa moja. Usiweke jiwe, msumari wala chuma chochote. Kitu hicho kitarudi chini. Pua iwe laini. Mpira wa tenisi uliokatwa nusu unakaa vizuri juu ya chupa.

Ukiongeza uzito na bado inayumba, sasa ishuku pete. Pete yetu ya kwanza ilikuwa na kipenyo kilekile cha chupa, kwa sababu tuliikata kwenye chupa ya aina ileile. Ilionekana safi sana. Lakini hewa inayopita kwenye mwili wa chupa haiukumbatii upinde wa mabega kuelekea shingoni. Inaachana nao na kuacha nyuma eneo la hewa iliyochafuka. Pete ya kipenyo kile inakaa ndani ya uchafu huo na haifanyi kazi hata nusu. Dawa ni pete pana. Kata ukanda wa plastiki wa upana wa sentimita 7 kuzunguka chupa, unapata kama sentimita 34. Uunge na kipande cha ukanda mwingine ufikie sentimita 50 baada ya kupishanisha kingo. Pete yake itakuwa na kipenyo cha sentimita 16, ikipokea hewa safi pande zote. Isogeze nyuma pia: vijiti vya mishikaki vitokeze ili pete nzima ikae nyuma ya mdomo wa chupa. Kata ncha zao kali.

Vijiti vibandikwe kwa utepe uliozungushwa chupa nzima, mahali pawili. Usitoboe chupa. Usitumie ile gundi ya bunduki inayoyeyushwa kwa moto, maana joto lake hulegeza plastiki, wala supagluu, ambayo huifanya iwe ngumu na kupasuka kama kioo.

Kuna wazo moja ambalo kila mwanafunzi hulileta, na mwenyewe niliwahi kuliamini: kwamba roketi ikining'inizwa uzito chini, kama timazi, itabaki wima. Haiwi hivyo. Timazi inatulia kwa sababu imening'inia kwenye kitu kisichogeuka. Msukumo wa roketi hugeuka pamoja na roketi yenyewe. Robert Goddard, Mmarekani aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika tarehe 16 Machi 1926 huko Auburn, Massachusetts, aliweka injini juu na matangi chini yake. Roketi ile ilidumu angani sekunde mbili na nusu, ikapanda mita 12 hivi, ikaangukia shamba la kabichi. Baadaye alishusha injini mkiani. Kwa hiyo mwanafunzi akikuletea wazo hilo usimkemee. Mpe kamba azungushe, aone.

Sababu ya mwisho ya kupinda ni ndogo na inasahaulika: pete kukwama kwenye stendi. Pete inakaa chini ya mdomo wa chupa, kwa hiyo inazunguka bomba la kurushia na vile vifungio. Ikigusa hata upande mmoja, roketi inaondoka ikiwa imeshainama. Angalia ndani ya pete kama kuna mikwaruzo mipya. Ikiwepo, punguza mikia ya vifungio au inua kola juu zaidi.

Inazunguka kama pia

Ikienda wima huku inazunguka taratibu, iache. Mzunguko kidogo hauna madhara. Ikizunguka kwa kasi hadi kamba za parachuti zinasokotana, vijiti vya pete vimekaa mshazari. Tazama roketi kwa nyuma, kupitia kwenye pete: vijiti vyote vinne vielekee nje moja kwa moja kutoka katikati, kama msalaba. Ukiona kimoja kimeegemea ubavu, hicho ndicho kilichopinda.

Inakwenda wima, kisha inageukia upepo

Hili huwapata walioshughulikia vizuri tatizo la kupinda. Pete pana ina tabia ya bendera ya kuonyesha upepo. Roketi ikitoka kwenye stendi kwa kasi ndogo, inageuza pua kuelekea upepo unakotoka na kwenda huko. Huku kwetu pwani kusi likivuma mchana, hakuna marekebisho yatakayokusaidia sana. Rusha alfajiri upepo ukiwa umelala. Ukilazimika kurusha penye upepo, refusha bomba linaloingia ndani ya chupa hadi sentimita 30. Chupa huteleza kwenye bomba hilo kwa umbali huo kabla ya kuanza kumwaga maji, hivyo inapoachia stendi tayari ina kasi.

Chagua uwanja kwa kufikiria roketi itaangukia wapi. Wataliano waliorusha roketi za kweli kutoka majukwaa ya San Marco, baharini karibu na Malindi, walikuwa na Bahari ya Hindi nzima mbele yao. Kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Sisi tuna uwanja wa mpira. Watazamaji wakae nyuma ya mwenye pampu, wakiwa wamesimama na macho juu. Usirushe karibu na uwanja wa ndege wala nyaya za umeme, na roketi ikinasa kwenye nyaya hiyo si yako tena.

Parachuti haifunguki, au inafunguka mapema

Roketi yetu haina saa wala springi. Juu ya chupa kuna kofia iliyokatwa kwenye chupa nyingine, imekaa kwa ulegevu, na parachuti imekunjwa chini yake. Roketi ikifika kileleni na kuanza kupinduka, kofia inadondoka na kuivuta parachuti. Ni njia rahisi lakini inataka kupimwa.

Ikifunguka mapema, mara tu maji yanapoisha, chunguza uzito wa pua uliuweka wapi. Ukiwa umeuweka ndani ya kofia, umejitengenezea tatizo. Maji yakiisha, hewa inaanza kuuzuia mwili wa chupa pamoja na pete yake, lakini kofia nzito inataka kuendelea mbele, inachomoka. Hamisha plastisini uibandike juu ya chupa, chini ya parachuti, na kofia ibaki nyepesi. Hili lilitugharimu Jumamosi tatu. Tulikuwa tukiibana kofia kwa utepe zaidi na zaidi, hadi siku moja ikagoma kutoka kabisa.

Isipofunguka, au ikifunguka karibu na ardhi, kofia imebana mno au parachuti imejazwa kwa nguvu. Pindua roketi pua chini kwa mkono, bila kuitikisa: kofia idondoke yenyewe. Kama haidondoki mkononi, haitadondoka angani, kwa sababu roketi ikishaelekea chini kwa kasi hewa inaisukuma kofia irudi mahali pake. Sugua ukingo wa kofia kwa msasa laini. Ikunje parachuti muda mfupi kabla ya kurusha, ukiwa umeinyunyizia poda ya mtoto, maana unyevu wa pwani hugandisha mikunjo.

Kitambaa cha mwavuli mbovu ndicho kizuri kuliko vyote. Zamani tungetumia mfuko wa rambo, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019, na kwa kweli kitambaa cha mwavuli kinadumu zaidi. Duara la sentimita 60 hushusha roketi ya gramu 150 kwa mita tatu na kidogo kwa sekunde. Kata tundu la ukubwa wa sarafu katikati. Bila hilo parachuti inabembea kama kengele na kuipiga roketi chini kwa ubavu. Kamba nane, zote za urefu uleule, kila moja isipungue sentimita 60.

Chupa imebadilika

Baada ya mruko mzuri utakuta ukungu mweupe ndani ya chupa. Watoto hudhani ni moshi. Hewa iliyotanuka ghafla imepoa, na mvuke uliokuwemo umekuwa matone madogo sana. Ukiishika chupa wakati huo utahisi ubaridi. Huo si ugonjwa.

Ugonjwa ni mistari myeupe kwenye plastiki yenyewe, isiyofutika kwa kidole, hasa kwenye mabega na katikati ya kitako. Plastiki imevutwa na kuanza kuchanika ndani kwa ndani. Ugonjwa ni mkunjo mkali ulioachwa na anguko, hata kama ukijaza hewa unanyooka. Ugonjwa ni mkwaruzo unaoshika ukucha. Yoyote kati ya hayo, chupa hiyo haijazwi hewa tena. Usiziache chupa juani zikiwa na presha, na usikubali kamwe kijana akushawishi mwende kujaza kwa kompresa ya gereji. Inajaza kwa kasi kuliko mkono wako unavyoweza kuzuia, na chupa ya soda hupasuka kwa kishindo na vipande.

Sisi huandika alama moja ya kalamu ya wino usiofutika kwenye kitako kwa kila mruko. Zikifika 20, hata kama chupa inaonekana mpya, tunaitoa kazini. Mpwa wangu huikata mabega na kitako, anabakiwa na ule ukanda wa katikati, na humo ndimo anamopima sentimita 7 za pete ya roketi inayofuata.